Mvua ya Saa Nne

Huku Rungwe mvua haibishi hodi.
Saa nne kasorobo iko juu ya migomba ya Masoko,
saa nne kamili iko juu ya bati letu,
na mwalimu, hata awe na koo la dalali,
anabaki kufumba na kufumbua mdomo kama samaki.

Darasa la pili, watoto tisini na watatu,
vitabu kumi na tisa, kimoja hakina jalada.
Siku zote tulisoma kwa pamoja:
mimi natangulia, wao wanafuata,
ba-ba a-na-li-ma vi-a-zi,
ukuta unarudisha viazi,
nami naandika kwenye fomu ya mratibu:
wanaosoma, themanini na mmoja.
Fomu haikuniuliza nimejuaje.

Siku hiyo mvua ikameza sauti zote.
Nikaandika ubaoni: SOMENI KIMYAKIMYA,
nikapita kati ya madawati,
nikinusa masweta yaliyoloa na moshi wa jikoni,
hadi dawati la nne, kando ya dirisha lisilo na kioo.
Tusekile Mwakalobo
ameshika kitabu miguu juu.
Baba ananing'inia na jembe lake,
viazi vinadondokea mawinguni,
na midomo ya mtoto inakwenda tu,
haikosei hata nukta:
baba analima viazi.

Sijui nilisimama pale muda gani.
Jirani yake akaona, akacheka,
kicheko kikahama dawati kwa dawati
bila sauti, mabega tu yakitikisika.
Yeye naye akacheka. Hakujua wanacheka nini.

Jioni nikaikwangua ile themanini na mmoja
kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke.
Nikaacha nafasi wazi.

Kisha nikaomba vizibo vya soda dukani kwa mama Subilaga,
nikaviandika kwa rangi ya kucha ya binti yangu.
Sikuanza na baba wala viazi.
Nikampa vizibo vinne: tu, se, ki, le.
Panga.
Akapanga le ki tu se.
Akapanga se le ki tu.
Hiyo ni wiki ya kwanza. Ya pili aliugua kifua.
Ya tatu, Alhamisi, chai yangu imekwisha poa,
akasogeza ki kwa kidole kimoja,
akatazama, akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu:
"Mwalimu, huyu ni mimi?"

Ni wewe. Na kwa lugha ya bibi yako
maana yake tumecheka.
Tukacheka.

Sisemi kazi imekwisha.
Bado r inamponyoka ulimini;
juzi kaniandikia: Shangazi amepika kalamu ya harusi.
Peni nyekundu ikasita mkononi,
nikamwona shangazi akikoroga sufuria la kalamu,
na wageni wamekaa, wana njaa,
nikashindwa kuweka mkasi.
Na wapo wengine, dawati la saba, la kumi na moja,
ambao sijawafikia, na vizibo vinapotelea mifukoni.

Mwezi uliopita mama yake alikuja kutoka kwenye chai,
majani yamemng'ang'ania kwenye kanga,
na stakabadhi ya mizani imekunjwa mara nne.
Nikanyoosha mkono kuipokea.
Akanipita,
akaenda dawati la nne.

Leo saa nne mvua imekuja tena,
imenikata katikati ya neno, chaki hewani.
Kitabu kimesimama kwa miguu yake.
Midomo ya Tusekile inakwenda, inakwama,
inarudi nyuma, inajaribu tena.
Anayekariri hakwami;
miaka kumi na minne ya ualimu
nilikuwa nauogopa ule mkwamo.

Amefika kwenye nywele.
Nyw ni kichaka chenye miiba mitatu.
Kidole kimetulia chini ya neno,
bati linanguruma,
nami sisikii kitu,
nasubiri.